Wali wa kila siku: tuanzie mashineni

Ukitaja mchele wenye afya hapa Tabora, wengi wanawaza ule wa pakiti wenye maandishi ya kigeni, unaouzwa bei ambayo mtu wa kawaida hawezi kuimudu kila wiki. Mimi nawaza mpunga wa Igunga. Kwa maoni yangu, mchele unaofaa familia zetu tunaulima wenyewe majarubani, halafu tunakwenda kuupunguzia thamani mashineni.

Nenda kwenye mashine ya kukoboa msimu wa mavuno, usimame uangalie. Mpunga unamiminwa juu, maganda magumu yanatupwa nje. Hapo hakuna kosa, maganda hayaliwi. Punje inayobaki ina rangi ya kahawia na ingeweza kwenda chunguni kama ilivyo. Lakini inapitishwa tena kusuguliwa, na chini inadondoka pumba laini, yenye uvuguvugu, ambayo ukiifikicha vidoleni unahisi mafuta. Wafugaji wa kuku na nguruwe wanaisubiri na magunia, na wanajua wanachokitafuta. Nyuzinyuzi nyingi za punje ziko humo, pamoja na sehemu kubwa ya vitamini B, madini ya chuma na magnesiamu. Mteja naye, akiona mchele wake haujawa mweupe, anamwambia fundi arudishe tena mpaka ung'ae. Hilo ndilo linaloniumiza. Tunalipa hela ili chakula cha watoto kipungue.

Madhara ya kusugua mchele hayakugunduliwa jana. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akiwa kisiwa cha Java, Indonesia ya leo, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu, dalili zilizofanana na za wagonjwa wa beriberi, ugonjwa unaodhoofisha neva na misuli. Walipolishwa mchele ambao haujasuguliwa, walipona. Baadaye ikajulikana kilichokosekana ni vitamini B1, na mwaka 1929 Eijkman akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Frederick Gowland Hopkins.

Leo kinachotusumbua majumbani ni kisukari. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, waliofuatilia Wamarekani karibu 200,000, walikadiria kwamba kubadilisha gramu 50 tu za mchele mweupe kwa siku na kula wa kahawia kunaendana na hatari ya kisukari cha aina ya pili kuwa chini kwa asilimia 16. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mchele peke yake ndio uliofanya kazi, maana wanaokula wa kahawia huwa wanajitunza kwa mengine pia. Kwangu mimi unatosha kubadili mazoea.

Ila tusidanganyane, mchele wa kahawia nao ni wanga. Ukijaza sahani pomoni, sukari itapanda tu. Nusu ya sahani iwe nsansa, kisamvu au mboga nyingine ya majani, pembeni kunde au maharage, wali uchukue nafasi inayobaki. Na pilau ya harusi ipikwe kwa mchele mweupe, sina ugomvi nayo. Nazungumzia chakula cha siku za kazi.

Mashineni, uliza kabla ya kumimina. Mashine nyingi za zamani za chuma zinakoboa na kusugua kwa mkupuo mmoja, na ukitaka zikuachie punje nzima ya kahawia zitakuvunjia mchele au kukuachia mpunga mwingi ndani. Zenye rola za mpira zinatoa ganda peke yake, fundi akikubali kuishia hapo. Zikikosekana, mwombe apitishe mara moja tu, asirudie. Mchele utatoka na wekundu kidogo, na hata huo ni nafuu kuliko unaong'aa. Ukiwa wa aina ya Supa, ule unaonukia, harufu yake bado utaisikia.

Kwenye kupika ndiko akina mama wanakonipinga, na wana hoja, kwa sababu mkaa ni hela. Dawa yake ni kuloweka. Loweka asubuhi, jioni umwage maji hayo, kisha pika kwa vikombe viwili na nusu vya maji kwa kimoja cha mchele. Moto ukishashika punguza, funika vizuri, usifunuefunue. Kama watoto wanagoma, anza kwa kuchanganya nusu kwa nusu na mweupe, lakini wa kahawia utangulie kuingia chunguni, maana unachelewa kuiva.

Jambo la mwisho ni kuhifadhi. Yale mafuta ya kwenye pumba yanachacha, hasa kwenye joto letu la Septemba na Oktoba, kwa hiyo mchele huu haufai kukobolewa gunia zima na kuwekwa stoo. Mpunga ukiwa na ganda lake unakaa muda mrefu bila shida. Acha gunia na mpunga wake, upeleke mashineni wa kula wiki mbili tatu, ukiisha upeleke mwingine.