Harufu ya Soda Si ya Watoto Peke Yao

Jumamosi iliyopita niliingia duka moja la pafyumu Kariakoo, nikaomba kunusa chupa ya pinki iliyokuwa rafu ya juu. Muuzaji hakuishusha. Aliutazama ushungi wangu, akaitazama pete, akasema, "Dada, hiyo ya wasichana wa shule, inanukia soda. Njoo huku nikupe ya mtu mzima." Kabla sijajibu alikwisha kunipulizia udi mkononi.

Nilichokifuata pale ni hiyo hiyo soda. Nimeondoka bila kununua kitu, na tangu siku hiyo maneno yake hayajanitoka, kwa sababu si ya muuzaji mmoja. Nimeyasikia kwa mashoga, kwa wifi, hata kwenye kicheni pati ambako kila mtu alikuwa na chupa ya soda mkononi. Eti mwanamke akishaolewa anukie udi, miski na ambari, na vitu vitamu awaachie mabinti.

Udi naupenda, nisieleweke vibaya. Nguo zangu za Ijumaa nazifukiza kwenye chetezo kama alivyofanya mama. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba furaha ina umri, na kwamba harufu inayochekesha pua ni kazi ya ovyo.

Ninayo chupa moja ndogo nyumbani, ya kola na ndimu. Ukiipuliza, dakika za mwanzo zinachoma pua kidogo, ule mchomo wa soda iliyotoka kwenye barafu sasa hivi na kizibo kimeruka. Baadaye mdalasini unajitokeza, na kungumanga kwa mbali. Ikishatulia kwenye ngozi inabaki vanila na sukari iliyoanza kuungua chini ya sufuria. Mtu akikusogelea wakati huo anatabasamu kabla hajajua anatabasamia nini. Hilo nimeliona mara nyingi, na sijaliona kwa udi. Udi unamfanya mtu anyooke na kurekebisha sauti.

Sasa fikiria ugumu wa kuitengeneza. Gesi haitiwi kwenye pafyumu. Ile raha ya soda inatokana na gesi ya kaboni kugeuka tindikali ulimini na kwenye utando wa pua, na mapovu yakipasuka yanarusha vitone vidogo vidogo vyenye harufu hadi usoni. Mtunzi wa manukato hana povu wala baridi, ana mafuta na spiriti tu. Inabidi aidanganye pua kwa ndimu, tangawizi, pilipili pinki, na zile kemikali ziitwazo aldehaidi, ambazo ndizo mtunzi wa manukato Ernest Beaux alizimimina kwa wingi kwenye Chanel No. 5 mwaka 1921 hadi ikang'aa vile. Dada zangu mnaoiita No. 5 malkia wa pafyumu, huo mng'ao mnaoupenda na mchomo wa soda yangu ni ndugu. Comme des Garçons, nyumba ya mitindo ambayo hakuna anayethubutu kuiita ya kitoto, ilitoa pafyumu kwa jina la Soda mwaka 2004.

Na undugu wa soda na manukato ni wa zamani kuliko tunavyodhani. Coca-Cola ilianzia mezani kwa mfamasia, John Pemberton, mjini Atlanta mwaka 1886. Kampuni inailinda kanuni yake mpaka leo, lakini kati ya kanuni za kale zilizohusishwa na Pemberton ambazo zimewahi kuchapishwa, moja ina mafuta ya chungwa, limau, kungumanga, mdalasini, giligilani na maua ya mchungwa, yaliyochanganywa kwenye spiriti. Msomee fundi wa manukato orodha hiyo bila kumwambia imetoka wapi, atakuuliza unauza chupa ya ukubwa gani. Kolonya nayo, yale manukato mepesi ya mtunzi Farina wa mji wa Cologne ya mwaka 1709, watu waliinywa kama dawa. Hata leo kampuni kubwa za harufu, Givaudan na Symrise, wanatunga ladha za vinywaji na harufu za pafyumu chini ya paa moja.

Kwetu pwani mpaka huo haujawahi kuwepo kabisa. Maji ya waridi tunamnyunyizia mgeni kwa mrashi, na maji hayo hayo yanaingia kwenye halua. Iliki iko kwenye chai na kwenye mchanganyiko wa mafuta ya bibi harusi. Karafuu ya Pemba inakwenda kwenye pilau, na makonyo yake, vile vijiti ambavyo mgeni angevitupa, vinakamuliwa mafuta kwa mvuke huko huko kisiwani. Ndani ya mafuta hayo mna eujenoli, ile kemikali inayoipa karafuu harufu yake, na wanakemia wa karne ya 19 walikwisha kujua kuigeuza kuwa vanilini, yaani harufu ya vanila. Kwa hiyo hata ule utamu wa chini kwenye pafyumu ya kola, ambao tunaambiwa ni mambo ya Wazungu na watoto wao, ungeweza kuanzia kwenye mkarafuu.

Halafu kuna upendeleo unaoniudhi. Lattafa, kampuni ya manukato ya Kiarabu, walipotoa pafyumu ya Khamrah mwaka 2022, yenye tende, mdalasini na pralini, wanaume wenye mvi waliipangia foleni. Tende ni sukari. Pralini ni lozi na sukari. Hakuna aliyewaambia wananukia kitoto. Ila weka kola mahali pa tende, ghafla heshima imeondoka. Jamaa zetu wa Maskati hufuturu kwa Vimto kila Ramadhani, kinywaji kilichobuniwa Manchester mwaka 1908 na kuuzwa kama dawa ya kuongeza nguvu, na mezani pale wapo mababu. Hata pafyumu iliyofungua mlango wa manukato matamu ya zama hizi, Angel ya mwaka 1992, ilizaliwa kwa sababu mbunifu wa mitindo Thierry Mugler alitaka harufu ya gulio la utotoni, pipi za sufi, karameli na chokoleti, na mtunzi Olivier Cresp akamtungia kwa kutia ethilimaltoli nyingi, kemikali yenye harufu ya sukari inayoungua. Waliokimbilia kuinunua walikuwa wanawake wazima.

Lakini hoja yangu kubwa iko nyumbani, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Nani kasema soda kwetu ni ya watoto? Mgeni akiingia, hata kama ndani hamna kitu, mtoto anapewa hela na chupa tupu akimbie dukani. Mgeni anaulizwa, "Ya baridi au ya moto?" na mzee wa miaka 70 anajibu "ya moto" kwa sababu ya kifua, anafunguliwa, anainywa polepole na mazungumzo ya posa yanaanza. Kwenye harusi watu wanahesabu kreti. Kamati inagombana wiki nzima juu ya soda kuliko juu ya nguo za maharusi, kwa kuwa mgeni akiondoka bila soda familia imeaibika. Nimeona mama mkwe mtarajiwa akiletewa Fanta akasema hapana, yeye anataka Stoney Tangawizi, na nyumba nzima ikatoka mbio kuitafuta. Hiyo ndiyo soda tuliyokulia. Ni adabu kwa mgeni na ndiyo dalili ya kwanza kwamba leo kuna jambo. Mwanamke akijipulizia harufu ya kola anajipaka karamu shingoni, na haki hiyo haiishi siku ya ndoa.

Nikubali moja, kwa shingo upande. Joto la Februari Dar es Salaam halipatani na pafyumu hizi ukizidisha. Ule mchomo wa ndimu unaruka ndani ya nusu saa, soda inaisha gesi, unabaki na shira, na ndani ya daladala iliyojaa shira hiyo inamkaba jirani yako. Pulizo moja asubuhi linatosha, la pili liweke mpaka jioni. Kuhusu bei, zile za asili ni ghali, na za kughushi zinanukia sharubati ya unga tu. Ukinunua ya mafuta ya kupima, ijaribu mkononi, zunguka sokoni saa nzima ndipo urudi kulipa.

Nami navaa hivi: naifukiza baibui kwa udi usiku, asubuhi moshi umebaki kwa mbali tu, ndipo naweka kola nyuma ya masikio. Moshi unaipa kola uzito, ndimu inauamsha udi. Jirani yangu mmoja, bibi wa Kizanzibari asiyesifu kitu hovyo, aliniita mlangoni kwake akanusa kanga yangu mara mbili, akasema, "Mwanangu, niletee na mimi."

Wauzaji wa Kariakoo, wa Darajani na wa Biashara Street kule Mombasa, mkitushushia hizo chupa za rafu ya juu tutazinunua. Na kama yupo kijana wetu anayejifunza kutunga manukato, asipoteze muda kuiga kola ya watu. Soda yake ipo tayari hapa: tangawizi kali mwanzoni pamoja na ndimu, pasheni katikati, na ule uchachu wa ukwaju ukizuia sukari isizidi, halafu karafuu ya Pemba na vanila ya Uganda chini. Akiikamilisha mimi nanunua chupa mbili, yangu na ya yule bibi.