Kimemo au Dhamana? Barua za Kuingilia Sororiti

Mwaka juzi mwezi wa Juni nilirudi kutoka zamu ya usiku nikamkuta binti wa dada yangu ananisubiri jikoni. Shikamoo yake ilikuwa ya haraka haraka, ile ya mtu mwenye ombi. "Mama mdogo, kazini kwako kuna mtu aliyewahi kuwa kwenye sororiti?" Nikamuuliza ya nini tena. Akanieleza kwamba msichana atakayekaa naye bwenini, mwenyeji wa hapa hapa jimbo la Georgia, Marekani, ameshakusanya barua kumi na nne za mapendekezo na mama yake bado anatafuta nyingine. Nikasema huyo mtoto anaomba kazi serikalini? Hapana. Anaomba marafiki.

Kwa walioko nyumbani ambao hawajakutana na kitu hiki: sororiti ni jumuiya za wasichana wa vyuo vikuu vya Marekani, zinazojiita kwa herufi za Kigiriki. Zina rangi zao, nyimbo zao, kiapo chao, na mara nyingi nyumba kubwa yenye nguzo mbele. Ukishaingia umeingia, kuhitimu hakukutoi. Zile zilizoanzishwa na Wazungu ziliungana mwaka 1902 chini ya National Panhellenic Conference, na kwa miaka mingi zimekuwa 26. Kubwa za Weusi ni nne: Alpha Kappa Alpha ya 1908, Delta Sigma Theta ya 1913 na Zeta Phi Beta ya 1920, zote tatu zimezaliwa chuo cha Howard, Washington, kisha Sigma Gamma Rho iliyoanzia Indianapolis mwaka 1922. Kamala Harris ni wa hiyo ya kwanza, alijiunga akisoma Howard. Wale akina mama wa waridi na kijani, rangi za jumuiya hiyo, mliokuwa mkiwaona kwenye mikutano yake ya kampeni hawakuwa kwaya.

Sasa hizo barua. Sisi tuliokulia Tanzania tunazijua kwa jina lake: kimemo. Karatasi ndogo, mistari miwili, "mleta barua hii ni kijana wetu, naomba umsaidie", halafu sahihi ya mkubwa. Kimemo hakisemi kijana anaweza nini, kinasema ni wa nani. Na usifikiri barua halali zinatofautiana nacho sana. Nilipoomba ajira yangu ya kwanza nilitakiwa kupeleka barua ya utambulisho, nami nilikuwa na wiki mbili tu katika mtaa ule. Mjumbe hajawahi kuniona. Aliniuliza jina, akaandika kwamba ananifahamu vizuri na mwenendo wangu ni mwema, nikamwachia hela ya soda. Mzee mwenyewe alikuwa mtu mzuri tu. Barua ilipokewa, hakuna aliyempigia kumuuliza lolote, na nadhani hata angepigiwa asingekumbuka kama mimi ni mwanamke au mwanamume.

Kwa hiyo nilipomwambia binti yetu kwamba barua hizi hazina maana, nilikuwa nasema uongo wa kumliwaza. Zina maana, tena katika majimbo ya Kusini zilikuwa mila kabisa. Majira ya joto mama wa binti anaandaa bahasha: picha, wasifu, matokeo ya shule. Anazigawa kwa wanawake anaowajua, wa kanisani, jirani, mke wa daktari wa meno, kila mmoja kwa sororiti aliyokuwamo ujanani, naye anajaza fomu na kuipeleka. Siku hizi nyingi hujazwa mtandaoni, ila mchezo ni ule ule.

Chukua University of Alabama, mji wa Tuscaloosa. Kila Agosti wasichana zaidi ya 2,000 wanapita katika nyumba zaidi ya 15 ndani ya muda wa kama wiki moja. Mazungumzo ya siku za mwanzo ni ya dakika chache, na ukumbini kuna makelele kama ya stendi ya mabasi. Jioni wenyeji wanakaa kuamua nani arudi kesho. Wewe ungemkumbuka nani katika umati huo? Utamkumbuka yule ambaye jina lake ulilisoma tangu Julai, na kando yake pameandikwa kwamba bibi fulani, aliyekuwa mwanachama kwa miaka thelathini, anampenda. Barua inafanya kazi kabla binti hajafungua mdomo. Agosti 2021 video za wasichana hao wa Alabama wakionyesha nguo na bangili zao zilizagaa TikTok hadi wajomba zangu Morogoro wakazicheka. Bahasha za mama zao hazikupigwa video.

Na bahasha hizo zimewahi kufanya kazi nyingine. Septemba 2013 gazeti la wanafunzi wa chuo hicho, The Crimson White, lilichapisha habari ambayo kwa miaka ilikuwa ya kunong'onwa: binti Mweusi mwenye alama za juu sana, kutoka familia yenye jina, alipita nyumba zote asipewe mwaliko hata mmoja. Baadhi ya wasichana wa ndani walijitokeza wakasema wao walimtaka, ila wanachama wa zamani, yaani akina mama, ndio waliomzuia. Katika nyumba moja sababu waliyopewa ilikuwa barua za mapendekezo, kwamba hakuwa nazo kama utaratibu unavyotaka.

Nilisoma habari hiyo mara mbili. Fikiria hesabu yake. Barua lazima iandikwe na mwanachama. Wanachama ni Wazungu. Binti Mweusi na mama yake wanasali kwingine, wanaishi mtaa mwingine, wananyoa na kusuka kwingine. Huyo mwanachama wa kumwandikia watamtoa wapi? Juni 1963 Gavana George Wallace alisimama kwenye mlango wa Foster Auditorium, chuoni hapo hapo, kuwazuia wanafunzi Weusi, Vivian Malone na James Hood, wasijiandikishe. Wallace ilimbidi asimame mwenyewe, juani, mbele ya kamera. Miaka 50 baadaye ilitosha kusema faili halijakamilika.

Baada ya kelele hizo wanafunzi na wahadhiri waliandamana, na rais wa chuo, Judy Bonner, akaamuru uandikishaji ufunguliwe upya. Wasichana Weusi kadhaa wakapata mialiko. Kisha mwaka 2020, nchi ilipowaka baada ya kuuawa George Floyd, sororiti kadhaa kati ya zile 26 zilifuta sharti la barua, na nyingine zikafuta upendeleo kwa mabinti na wajukuu wa wanachama. Leo vyuo vingi vitakuambia usihangaike, barua si lazima. Akina mama wa Kusini wamesikia, na bado wanatuma. Ni kama ule mchango wa shule ulioandikwa "hiari": jaribu kutoutoa.

Binti yetu aliingia wiki ile ya chuoni kwake bila barua hata moja. Nilitafuta kwa siku kadhaa, nikaona aibu ya kumwomba mtu nisiyemjua asifie mtoto asiyemjua, nikaacha. Nyumba kadhaa hazikumrudisha baada ya siku ya kwanza, nyingine zikamrudisha. Je, zile zilizomwacha ni kwa sababu ya barua? Hakuna anayekuambia. Alifika raundi ya tatu akajitoa mwenyewe alipoonyeshwa karatasi ya ada. Mwenzake wa barua kumi na nne aliingia pale alipotaka, akafurahi sana, na mwezi wa Novemba akaacha.

Mwaka uliofuata binti akaanza kutazama upande wa pili, wa zile nne za Weusi. Huko hakuna wiki ya kupita mlango kwa mlango. Unahudhuria shughuli zao za wazi, unasaidia, unanyamaza. Tangazo la kupokea wanachama likitoka limetoka, na ukijitangaza mno kwamba unataka kuingia umeshajiharibia. Barua huko ni jambo zito: kwa kawaida inatakiwa ya mwanachama ambaye bado analipa ada, na kila jumuiya ina masharti yake. Mimi nikasema, basi, ni kimemo kile kile, kimebadilisha rangi tu.

Kazini kwetu kuna mama mmoja ambaye gari lake lina fremu ya namba ya waridi na kijani. Huku Kusini mtu mzima hatajwi jina tupu, unatanguliza "Miss" hata kama ana mume na wajukuu, kwa hiyo nilimwamkia ipasavyo, nikamkalia karibu wakati wa chakula, nikaleta habari yangu kwa kuzunguka kama tulivyolelewa. Akanisikiliza hadi mwisho. Akaweka uma chini. "Lakini mimi simjui mtoto wako." Hakusema kwa ukali. Akaniambia Jumamosi wanafunga vyakula vya msaada kwenye ukumbi wa kanisa, nimlete, na avae viatu vya kusimamia.

Jibu hilo lilinirudisha mbali, kwa mama yangu na kikoba chake. Kwenye kikoba huingii kwa kuwa una hela. Unaletwa na mtu, na ukikopa kuna waliokudhamini. Mama alimdhamini jirani mmoja aliyehama usiku na mkopo wa watu. Mama akaulipa yeye, kidogo kidogo, kwa maandazi ya miezi saba, na sisi watoto tulijua kwa nini sukari ya chai imepungua. Tangu hapo, ukimtajia mtu akakuuliza "unamjua?", ujue ameuliza swali.

Ndipo nilipoona tofauti ambayo sikuwa nimeitia maanani. Yule mke wa daktari wa meno anaweza kumwandikia binti wa jirani ukurasa mzima wa sifa, na binti akiwa kituko asiulizwe na mtu. Yuko mji mwingine, ujana wake wa sororiti ulishapita. Huyu wa kazini kwetu bado analipa ada, bado anakwenda vikaoni akiwa na miaka hamsini na kitu, na atakaa meza moja na matokeo ya barua yake maisha yake yote. Anaandika kama mama alivyosaini daftari la kikoba. Barua ya namna hiyo naiheshimu, hata ikimkataa mtoto wangu.

Sisemi huko ni peponi. Kuna wasichana wanaachwa bila kuambiwa neno, na binti wa mwanachama hata huko ana njia fupi kuliko wetu. Tena kusema "ajulikane kwanza" ni rahisi kwa mwenye nafasi. Mtoto wa mhamiaji anayeuza kwenye duka la kituo cha mafuta Jumamosi na Jumapili ili alipe vitabu ataonekana saa ngapi akifunga mchele wa msaada? Hilo nimelipindua kichwani sana na sijapata la kuwajibu wanaoniuliza. Mimi niliweza kumpunguzia binti yetu zamu. Si kila mama mdogo anaweza.

Wazazi wenzangu mnaoniandikia mkiulizia, nitasema machache. Washauri wa kulipwa wanaowaandaa mabinti kwa wiki ile ya Agosti msiwape fedha zenu. Msimwombe mgeni wa Facebook barua, ni kumtia mtu katika uongo. Someni masharti ya jumuiya yenyewe, kwa maana ya huyu si ya yule. Na kama binti anataka upande wa zile 26, mwacheni aende bila barua. Atakayemkataa kwa karatasi amewapunguzia ada.

Dada yangu, mama yake binti, ananipigia kila Jumapili. Kwake jambo hili bado ni kimemo. "Hiyo barua imetoka?" Haijatoka, na haijatajwa tena tangu siku ile ya uma. Binti amekwenda kwenye ukumbi ule Jumamosi kumi na moja, amejua kufunga katoni kwa utepe wa gundi bila kupoteza ncha, amekuwa akirudi ananuka vitunguu. Jumamosi ya kumi na mbili alikuwa na mtihani, hakwenda. Jumatatu yule mama alikuja hadi kwenye meza yangu, zamu ikiwa haijaanza hata, akiwa bado ameshika funguo za gari. Akaniuliza, "Mtoto yuko wapi? Anaumwa?"