Waliofungwa 10 na Bayern siwacheki, nawaonea wivu

Mwezi wa sita 2025 simu yangu haikupumzika. Auckland City kala 10-0 kwa Bayern Munich kule Cincinnati kwenye Kombe la Dunia la klabu, na kwa vile mie naishi Auckland, huku New Zealand, basi jamaa wote wa Unguja, mpaka wale ambao hatusalimiani mwaka mzima, wakaifanya hiyo timu ni yangu mie, ikawa meme juu ya meme, mara kipa kabebeshwa gunia, mara "njooni Zenji tuwaazime beki". Nikacheka na mie, sasa ufanyeje. Lakini tangu siku ile kuna kitu kimenikaa na leo nakitoa: hao waliokula 10 mie nawaonea wivu, tena wivu wa kweli, na kila Mzanzibari anaependa mpira naona alikuwa na haki ya kuwaonea wivu badala ya kuwacheka.

Kwanza mjue ni kina nani. Auckland City sio Azam wala Yanga. Klabu imeanzishwa 2004, kiwanja chao kipo mtaa wa Kiwitea huko Sandringham, katikati ya majumba ya watu, jukwaa dogo tu, siku ya mechi gari unaipaki mbele ya geti la mtu. Wachezaji ni wa ridhaa, na ridhaa yenyewe sio ya maneno: huyu dalali wa nyumba, huyu dereva wa kusambaza mizigo, huyu mwanafunzi, huyu mwalimu, wanatoka kazini jioni ndo wanaenda mazoezini na kwenda Marekani ikabidi waombe likizo kwa mabosi zao, wengine bila malipo. Basi hao hao walipokutana na Boca Juniors kule Nashville, kona ikapigwa, akaruka Christian Gray, beki, kazi yake ualimu wa skuli, kichwa, 1-1, ikaisha hivo hivo na Boca wakarudi kwao Argentina na pointi mbili. Watu wa meme siku hiyo kimyaa, hata mmoja hakunitafuta. Na pesa ya kushiriki tu kwa klabu ya Oceania ilikuwa dola milioni 3.58, hapo hujahesabu ya hiyo sare.

Sasa wamefikaje kule? Hapa ndo penye hoja yangu. Oceania wana ubingwa wao wa klabu na ni visiwa vitupu: Fiji, Vanuatu, Solomon, Tahiti, New Caledonia, Papua New Guinea, Samoa, Tonga na New Zealand yenyewe. Australia walikuwemo zamani, 2006 wakahamia Asia, na kuondoka kwao kukawafungulia wengine mlango. Kwa vile kutoka kisiwa hadi kisiwa ni ndege na ndege huku ni ghali mno, hawaendeshi mashindano yote kwa nyumbani na ugenini, wanachagua sehemu moja, timu nane zinakusanyika, wiki mbili hivi kila kitu kimekwisha. 2023 ilikuwa Vanuatu, 2024 Tahiti, 2025 Honiara kule Solomon. Vile visiwa vyenye mpira mdogo zaidi kama Samoa, Tonga na Cook vinachujana kwanza vyenyewe kwa vyenyewe kugombea nafasi moja. Yani mtu hatupwi kwa simba siku ya kwanza. Kazini ninae mwenzangu wa Solomon, mashindano yalipokuwa kwao hakuwa akishikika, kila mapumziko ya chai ni simu mkononi, ananionesha video za uwanja wao wa zamani wa Lawson Tama, watu wamejipanga kwenye mteremko wa kilima mpaka juu, wengine na miavuli, kelele tupu. Nikamwambia hawa mbona ni watu wa Gombani, uwanja wetu wa Pemba, kabisa.

Halafu angalia wanaocheza ni nani. Tahiti ni Ufaransa. New Caledonia ni Ufaransa. Watu wa Cook pasipoti zao za New Zealand. American Samoa jina lenyewe linakwambia. Wote hao wanachama kamili wa FIFA, Tahiti tangu 1990, New Caledonia tangu 2004. Sisi mwezi wa tatu 2017, Addis Ababa, CAF, shirikisho la mpira la Afrika, wakatupa uanachama kamili, tukawa wa 55, mabarazani watu hawakulala, kufika mwezi wa saba wakatupokonya, ati tuliingizwa kimakosa kwa kuwa hawawezi kuchukua vyama viwili kutoka nchi moja. Na alietwambia hayo, rais wa CAF wa wakati ule Ahmad Ahmad, ni mtu wa Madagascar! Mtu wa kisiwani mwenzetu, Bahari ya Hindi hii hii. Mie siasa za Muungano siziingii hapa, kila mtu ana yake na najua huko chini watu wataanza kutukanana, nasema mpira tu, na kwenye mpira katiba ya FIFA yenyewe inasema eneo ambalo halijawa nchi huru linaweza kuomba ikiwa chama cha mpira cha nchi husika kimeridhia. Sensa ya 2022 Zanzibar imehesabu watu 1,889,773. New Caledonia hawafiki hata 300,000, na mwezi wa tatu 2025 walikuwa hapa Eden Park wakicheza na New Zealand fainali ya kufuzu Kombe la Dunia. Wakapigwa 3-0, sawa, ila walikuwepo.

Msije mkanifahamu vibaya mkadhani huku ni peponi. Mpira Auckland unaununua. Kumsajili mtoto klabuni kwa msimu ni mamia ya dola, viatu mbali, nauli mbali, na mzazi unapangiwa zamu, mara kukata machungwa ya mapumziko, mara kukunja nyavu kwenye mvua ya mwezi wa saba huku vidole huvisikii. Viwanja vizuri, hilo siwezi kukana, majani, taa, vyumba vya kubadilishia nguo, vyote vya baraza la mji, lakini jioni ukipita na mtoto wako hajalipiwa hakuna wa kumwambia ingia ucheze. Kwetu maji yakitoka tu pwani watoto washaweka magoli ya makubazi, wametoka chuoni, madrasa, moja kwa moja, hakuna anaeuliza nani kalipa, na vipaji vinatokea pale pale. Na mashabiki, loh. Auckland City bingwa wa bara zima anacheza mbele ya watu mia kadhaa, wengi wazee na mbwa wao, manake huku mfalme ni raga. Wakati uwanja wetu wa Amaan ule uliofanyiwa ukarabati 2023 ukijaa hata ukiwa sebuleni kwako Kikwajuni unajua nani kafunga.

Ndo maana naumia. Mlandege, klabu ya Unguja, Januari 2023 wamechukua Kombe la Mapinduzi kwa kumfunga Singida Big Stars 2-1 fainali, Januari 2024 wakarudia, safari hii Simba, 1-0. Simba hii hii inayosumbua Afrika! Nilikuwa naangalia kwenye simu alfajiri ya huku kabla ya kazi, nikachelewa basi na sikujali. Sasa hao hao wenye uwezo wa kumfunga Simba, klabu zetu zikienda CAF njia yake ikoje? JKU, klabu yetu nyengine, msimu wa 2024/25 raundi ya awali kabisa kapangiwa Pyramids ya Misri, akatandikwa, na Pyramids hao hao ndo waliokuja kubeba kombe la mabingwa wa Afrika msimu ule. Yani mtihani wako wa kwanza ndo mtihani wa mwisho. Mechi mbili, mwezi wa nane umeshamaliza mwaka wako wa kimataifa, unarudi kwenye ligi ya nyumbani ukisubiri mwakani upangiwe Mwarabu mwengine. Klabu yetu ya mwisho kufika mbali ni Malindi, nusu fainali ya Kombe la CAF 1995, mwaka huo huo Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, wakachukua Chalenji, kombe la Afrika Mashariki na Kati, kule Uganda. Mtoto aliezaliwa mwaka ule leo ana watoto wake. Na mchezaji akianza kung'ara anavuka maji, Fei Toto na wengine, hapana lawama, kijana anatafuta maisha, ila klabu za visiwani zinabaki kuwa shamba la kulelea miche ya wengine.

Huku nako mambo hayajanyooka, tusidanganyane. Huo ubingwa wa Oceania Auckland City kauchukua mara 13, kuanzia 2011 mpaka 2017 kila mwaka ni yeye tu, na New Zealand ukiilinganisha na Vanuatu sio kisiwa mwenzio huyo, ni tajiri wa mtaa. Kwa hiyo ule wivu wangu unajua mipaka yake. Lakini nafasi ikiwepo, siku moja inatumika. 2010 Hekari United ya Papua New Guinea ilimpiga Waitakere ya New Zealand 3-0 kwao Port Moresby ikabeba kombe, wa kwanza nje ya New Zealand na Australia. 2019 ikawa Hienghène Sport, hicho ni kijiji huko kaskazini ya New Caledonia jamani, KIJIJI, wakaenda Kombe la Dunia la klabu Doha wakamfikisha Al Sadd ya Qatar, ya kocha Xavi, mpaka dakika za nyongeza ndo wakafungwa 3-1. Na 2026 wameanzisha ligi ya kulipwa ya Oceania, klabu nane, inazunguka mji hadi mji, na hao Auckland City wenyewe hawamo. Wanajaribu, wanakosea, wanabadilisha.

Sisi tumezungukwa na visiwa na hatuchezi navyo. Comoro, watu wetu kabisa, nusu ya mji mkongwe wana bibi Mngazija, wameingia FIFA 2005 na Januari 2022 wakamtoa Ghana kwenye AFCON kwa 3-2, halafu wakacheza na Cameroon kwao wakiwa hawana kipa, wamemuweka beki golini, wakafungwa 2-1 tu. Kuna Madagascar, kuna Mauritius, Shelisheli, Réunion, Mayotte. Hao wana michezo yao ya visiwa vya Bahari ya Hindi, wanakutana kila baada ya miaka kadhaa, sisi hatumo hata kwenye picha. Mie nasema hivi, Kombe la Mapinduzi tunalo, kila Januari, wageni wanakuja, hoteli zipo, Amaan ipo na Gombani ipo. 2025 ZFF, chama chetu cha mpira, walilibadilisha likawa la timu za taifa, na Heroes wakalichukua Pemba kwa kumfunga Burkina Faso 2-1, kwa hiyo kumbe kulibadilisha kunawezekana. Basi mwaka mmoja mmoja lifanyweni la klabu za visiwa. Bingwa wa Comoro, bingwa wa Mauritius, bingwa wa Shelisheli, bingwa wa Réunion, wawili wetu, Madagascar aje na wawili kwa ukubwa wake, nane hizo, nne Unguja nne Pemba, wiki mbili. Halihitaji ruhusa ya FIFA ya kuwa nchi, ni mwaliko tu wa mashindano.

Najua jibu nitakalopewa, bila ya Simba na Yanga geti halijai. Siku ya kwanza huenda kweli. Lakini mumuulize muuza urojo wa nje ya Amaan kama Zanzibar na Comoro haitojaza uwanja, watu wataanza kutaniana hata meli haijatia nanga. Alie na namba ya mtu wa ZFF amfikishie tu, nauli ya mie kuja kuangalia nitajitafutia mwenyewe, likizo nishaanza kuikusanya.