Chanjo ya miguu na midomo: mfugaji anayekataa ana hesabu yake

Katika minada ya mifugo ya Meserani na Weruweru, kaskazini mwa Tanzania, hoja dhidi ya chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo, au oloirobi kama Wamasai wanavyouita, ni fupi: tulichanja, tukalipa, na ng'ombe wakaugua vilevile. Wataalamu wengi huijibu kwa kusema wafugaji wanahitaji elimu. Naliona jibu hilo kuwa la kivivu, kwa sababu malalamiko yenyewe ni ya kweli.

Kirusi cha ugonjwa huu kina aina saba, na kinga ya aina moja haimlindi ng'ombe dhidi ya nyingine. Aina nne, yaani O, A, SAT1 na SAT2, zimekuwa zikizunguka Tanzania. Chanjo ikikosa aina iliyopo malishoni wakati huo, sindano imepotea bure. Hata ikilingana, kinga hushuka baada ya miezi minne hadi sita hivi, na chanjo yenyewe huharibika ikikaa nje ya baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Sasa fikiria kasha la barafu linalotoka Arusha mjini asubuhi kwenda maboma ya mbali huko Monduli au Longido. Mfugaji anayechanja mara moja kwa mwaka, kwa chanjo asiyojua ina aina gani ndani yake, akidai fedha yake imepotea ana haki ya kusikilizwa.

Upande wa pili una sotoka. Miaka ya 1890 ugonjwa huo ulifyeka ng'ombe wa Wamasai na njaa ikafuata. Leo haupo tena popote duniani, ulitangazwa kutokomezwa 2011. Chanjo ya daktari wa mifugo Walter Plowright, iliyotengenezwa Muguga nchini Kenya, ilikuwa nguzo ya kazi hiyo. Watetezi wa chanjo hupenda mfano huu, lakini huruka sehemu muhimu: kinga ya sotoka ilidumu maisha yote ya ng'ombe, na chanjo moja ilizuia sura zote za kirusi chake. Miguu na midomo haina fadhila hata moja kati ya hizo. Kumwahidi mfugaji kwamba itaondoka kama sotoka ni kujitafutia lawama za mwaka ujao.

Halafu kuna suala la nani anaumia. Ng'ombe wa asili wa Monduli akipata vidonda mdomoni na kwato zikimuuma, kwa kawaida hujikongoja kwa wiki chache, kisha anapona. Wanaokufa ni ndama, mara nyingi kwa moyo kushindwa. Mwenye kundi kubwa huvumilia. Lakini ng'ombe chotara wa maziwa anayefugwa ndani kule Machame au Marangu ni habari nyingine kabisa. Maziwa hukauka ghafla, kiwele hupata maradhi, na baadaye huenda asirudi kwenye lita zake za awali. Kwa kaya yenye ng'ombe wawili, hiyo ni ada ya shule iliyokatika. Huyu akipata chanjo inayolingana na aina ya kirusi iliyopo, hata kuirudia kila baada ya nusu mwaka kunalipa.

Wapo wafugaji wa Moshi wanaosema ng'ombe wao hatoki bandani, kwa hiyo ugonjwa utamfikiaje? Unafika na nyasi na mabua yanayopandishwa kutoka tambarare, na dume la kuazima, na viatu vya mkamuaji. Mapele ngozi, ugonjwa mwingine wa virusi wa ng'ombe, ndiyo hayahitaji hata mlango, maana huletwa na nzi na mbu wanaouma. Kwa ugonjwa huu sioni ubishi: chanjo yake ni hai, yaani ina kirusi kilichodhoofishwa, dozi moja kwa mwaka inatosha, na athari zake kwa kawaida ni uvimbe mdogo na maziwa kupungua kwa siku chache. Kikwazo ni chupa. Ina dozi nyingi, na ikishachanganywa lazima iishe ndani ya saa chache, kwa hiyo majirani wasipokubaliana siku moja, daktari wa mifugo haji. Na akija, mfugaji adai sindano mpya kwa kila banda. Sindano moja inayozunguka kijiji kizima inaweza kueneza kile kilichokusudiwa kuzuiwa.

Homa ya Bonde la Ufa, inayoua hata watu, ina mtego wa aina yake. Chanjo hai ya zamani inaweza kumfanya ng'ombe mwenye mimba aitupe, na kuanza kuchanja mvua za El Niño zikiwa zimeshaleta ugonjwa ni kuchelewa.

Kampeni ya taifa ya chanjo iliyozinduliwa 2025 kwa ruzuku kwa upande wa ng'ombe inahusu homa ya mapafu, ugonjwa wa bakteria. Miguu na midomo kwa sehemu kubwa imebaki mfukoni mwa mfugaji. Ningeanza kwa kupima sampuli za vidonda mapema ili aina ya kirusi itangazwe kabla chanjo haijanunuliwa. Utafiti uliochapishwa 2018 kutoka kaskazini mwa Tanzania ulionyesha kwamba milipuko kwa ng'ombe inasukumwa zaidi na ng'ombe wenyewe kuliko nyati, na kwamba aina za kirusi hupita kwa mawimbi, moja baada ya nyingine. Wimbi linaloonekana linakuja linaweza kuchanjiwa. Na kama ng'ombe ndio wanaolibeba, vibali vya kusafirisha mifugo vikaguliwe kweli pale mnadani, badala ya kugongwa muhuri tu.