Vijiziwa vya Lewis na mafungu ya Pemba

Sisi tulioko ughaibuni tuna kauli yetu, "wenzetu wanajua kuhifadhi", mi naona hawa Wazungu, kwenye majina ya mahali hasa, tunawasifia haraka mno. Naishi Lewis, kisiwa cha Skotlandi, ukitoka tu mjini Stornoway ni nyika ya majimaji na vijiziwa kila ugeukapo, na hata kile ambacho ng'ombe anavuka bila kulowa mgongo kina jina lake la Kigaeli, lugha ya asili ya huku.

Haya majina yaliandikwaje? Wapima ramani wa Ordnance Survey, shirika la ramani la serikali ya Uingereza, walipita huku karibu na 1850 na vitabu vyao, safu moja jina, nyingine namna za kuliandika, nyingine nani kathibitisha. Wapimaji wengi Kigaeli hawakijui, na mara nyingi waliowauliza majina ni wakubwa: wachungaji wa kanisa, walimu, wasimamizi wa mabwana wenye ardhi. Lakini waliovijua vile vijiziwa ni wanawake na mabinti waliohamia nyikani na ng'ombe kila kiangazi, wanalala kwenye vibanda viitwavyo àirigh, wanakamua, wanatengeneza siagi na jibini, ndo mana Loch na h-Àirigh ("ziwa la kibanda") ziko chungu nzima, kila kijiji na yake. Karne ya 20 kazi hiyo ikafa, watu wakaacha kwenda nyikani na majina yakaanza kuwatoka watu. Leo Ainmean-Àite na h-Alba, taasisi ya majina ya mahali ya Kigaeli, wanayatafiti na kuyasahihisha, Tobar an Dualchais, hazina ya sauti za kale, wameweka mtandaoni sauti za wazee, kazi nzuri sana siibezi, ila kwa sensa ya 2022 wanaozungumza Kigaeli visiwa hivi wameshuka chini ya nusu ya wakaazi, kwahiyo kuna vijiziwa vingine hata wa kumuuliza hayupo. Huko ndo kujua kuhifadhi?

Kwetu Zanzibar bado watu wapo, tena wako kazini. Ule mradi wa ramani kwa droni ulioanza 2016 umepiga picha Unguja na Pemba toka angani, paa la kila nyumba unaliona, lakini droni haijui mwamba ule Wakojani, wavuvi wa kisiwa cha Kojani kule Pemba, wanauitaje wakienda dago (kambi ya uvuvi), wala kidimbwi kile kina mama wa Micheweni wakishuka bamvua, maji yakitoka sana, kuchokoa pweza wanakitajaje. Simu kila mtu anayo! Mrekodi bibi anataja mwenyewe kwa sauti yake, weka alama ya mahali, andika nani kasema na wa kijiji gani, na kama kijiji cha pili wana jina jingine andika yote mawili, msianze kubishana lipi sahihi. Na tafadhali msianzie kwa sheha, kiongozi wa mtaa, mkaishia hapo hapo.

Najua wavuvi watagoma, fungu (mwamba au mchanga wa baharini) lenye samaki ni siri ya mtu na wana haki. Basi jina lihifadhiwe, alama ya mahali ibaki kwa wenyewe, si lazima kila kitu kipandishwe kwenye ramani ya dunia nzima.