Siku 30 za kufuta saini
Mweleze mtu wa Mwanza kwamba nyumba nyingi za kulea wazee Marekani huweka kwenye mkataba kipengele cha usuluhishi, yaani mgogoro wowote uende kwa msuluhishi, ambaye uamuzi wake unawafunga wote, na si mahakamani, atakuuliza ubaya uko wapi. Kwetu kukaa chini na kuyamaliza ni heshima. Ndiyo maana familia zinazopinga kipengele hiki zinaonekana za wapenda kesi.

Wenye nyumba hizo wana hoja. Kesi ni ndefu na ghali, na mzee wa miaka 85 anaweza kufariki kabla ya hukumu. Hilo halina ubishi.

Lakini familia hizo hazikatai kusuluhishwa. Zinakataa kuahidi hivyo siku ya kwanza. Siku hiyo mzee ametoka hospitali na nyonga iliyovunjika, binti yake anakabidhiwa rundo la karatasi na kusaini kila palipowekwa alama. Mgogoro utakaokuja si wa kodi ya chumba. Ni kidonda cha mgongoni kilichofika kwenye mfupa, ni mzee aliyeanguka usiku akakaa sakafuni hadi asubuhi. Msuluhishi huyasikiliza hayo faraghani, na uamuzi wake hutenguliwa kwa sababu chache mno. Familia inayotafuta nafasi hapo mwezi ujao haitajua lolote.

Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilitaka kupiga marufuku vipengele hivi katika nyumba zinazolipwa na Medicare na Medicaid, mipango ya serikali ya kugharamia matibabu ya wazee na ya wenye kipato kidogo; mahakama ya shirikisho Mississippi ikazuia. Kanuni ya 2019 ikalegeza: mzee asikataliwe kwa kutosaini, aelezwe kwa lugha anayoielewa, na apewe siku 30 za kufuta saini.

Siku 30 hizo ndizo zinazonisumbua. Zinahesabiwa tangu kusaini, si tangu kuumia. Mwezi wa kwanza familia bado inashukuru kwamba mzee kapata kitanda, anaogeshwa, anakula. Nani atarudi ofisini kusema nafuta? Anayeihitaji haki hiyo ni yule ambaye mama yake ataanguka mwezi wa nane, na leo hajijui. Itakapofika siku ya kuihitaji, itakuwa imekwisha zamani.

Kwetu makazi ya wazee ya Bukumbi, wilayani Misungwi, ni ya serikali, na wazee wengi bado wanatunzwa nyumbani. Ila watoto wanafanya kazi mbali, na nyumba za kulipia zitafika hata Nyegezi na Ilemela. Sheria yetu ya Usuluhishi ya mwaka 2020 inairuhusu mahakama kusimamisha shauri pale ambapo wahusika walikwisha kukubaliana kwenda kwa msuluhishi. Kwa wafanyabiashara wawili wenye mawakili, sawa. Kwa bibi aliyepigwa kiharusi, hapana. Wizara ya Maendeleo ya Jamii iandike mapema: makubaliano ya usuluhishi na mzee yasainiwe baada ya mgogoro kutokea, si siku anapopokelewa.