Dabo bondi ikihama, ni hasara kweli?

Kwa lab ukisema dabo bondi imehama watu wanakunja uso, na wana haki, unaweka alkeni yako safi (mnyororo wa kaboni ambao kaboni mbili zimeshikana mara mbili, hiyo ndiyo dabo bondi), dabo bondi ikiwa mwishoni, unatia paladiamu, metali ya kuharakisha mmenyuko, kurudi unakuta imetembea hadi katikati na sasa una isoma tatu nne (molekuli za atomi zile zile, mpangilio tofauti) zimechanganyika kama githeri. Mimi nishamaliza wiki nzima kwa kolamu ya silika, nikizitenganisha, juu ya hiyo maneno.

Lakini kuna wenye wanasema hiyo tabia ndio mtaji wenyewe. Chukua mafuta ya avokado, mengi yake ni asidi ya oleiki, kaboni 18, dabo bondi iko nambari 9, katikati kabisa. Sasa ukitumia esta yake ya methili (asidi hiyo ikiunganishwa na methanoli) pamoja na methanoli na gesi ya kaboni monoksaidi, na paladiamu iliyofungwa na ligandi ya fosforasi nene nene (molekuli inayoishikilia na kuiongoza), paladiamu inachukua haidrojeni, inairudisha, inachukua tena, dabo bondi inatembea mnyororo wote, ila esta mpya inakamilika karibu yote pale mwisho tu manake huko katikati kumebanana. Unatoka na diesta (esta kila mwisho) ya kaboni 19 ya kutengeneza plastiki inayokaribia poliethilini. Hiyo kwangu ni kazi safi sana.

Wapinzani wanakimbilia bei. Ni kweli 2022 wakia moja ya paladiamu ilipita dola 3,000 (kataliti ya gari, yenye iko na paladiamu, haiibwi bure), lakini inatumika kidogo na viwandani inarudishwa. Si ibuprofeni ilitoka hatua 6 ikawa 3, ya mwisho ikiwa hii hii kabonilesheni (kuingiza kaboni monoksaidi kwa molekuli), na kiwanda kikafunguliwa Texas 1992? Bei si hoja nzito hivyo.

Hoja nzito ni gesi, hiyo kaboni monoksaidi. Nairobi nani hajasikia watu waliolala na jiko la makaa wakakosa kuamka, ndiyo hiyo hiyo, haina harufu haina rangi, na mchakato wa oleiki unaitaka kwa presha ya kama baa 20. Kuna wale watakwambia tumia chupa ya vyumba viwili, gesi inazaliwa upande mmoja inaliwa upande wa pili, na kwa bromidi za ariili (pete ya benzini yenye bromini) ni sawa kabisa, hata mimi ningeanzia hapo. Lakini kwa oleiki haitoshi. Baa 20 ni otoklevu ya chuma (chombo kinachostahimili presha), hudi (kabati la kuvuta hewa) inayovuta vizuri na alamu ya gesi ukutani, na stima isipotee katikati ya kazi.